Baba katoka hospitali baada ya kiharusi, dawa zinatuchanganya

Binti wa Mzee
Habari zenu wakuu. Baba alipata kiharusi cha damu kuganda kwenye ubongo, sasa yuko nyumbani. Upande wa kulia umelegea na maneno yanamtoka kwa shida. Kapewa aspirini ya kuzuia damu kuganda, atorvastatini ya kushusha kolesteroli na amlodipini ya presha, na ndani bado kuna dawa zake za presha za zamani. Akimeza kidonge anapaliwa, kaka anataka tuvisage. Halafu presha imeshuka hadi 128/78, shangazi anasema dawa ziachwe zisije zikamuharibu figo. Tufanyeje?

Nesi Mstaafu
Pole sana mwanangu. Huko kupaliwa mpigieni daktari leo hii, apimwe uwezo wa kumeza. Kiharusi hudhoofisha misuli ya koo, na chakula au maji yakiingia njia ya hewa huleta nimonia. Anapomeza akae wima. Kisha mkague shavu la upande uliolegea, kidonge hubaki humo asijue.

Mfamasia
Msisage kabla ya kuuliza. Kidonge cha kutoa dawa polepole kikisagwa, dozi ya siku nzima inaingia mwilini kwa mkupuo. Aspirini yenye ganda la kulinda tumbo nayo haisagwi. Baadhi ya dawa zipo za maji au za kuyeyusha. Hizo za zamani zibebeni zote zikaangaliwe: dawa moja huuzwa kwa majina mengi.

Namuuguza Mama
Shangazi mwelewesheni taratibu. Hiyo 128/78 ni kazi ya dawa, na presha ikiwa juu ndiyo inayoua figo. Aspirini nayo msiikatishe wenyewe. Awepo mtu mmoja wa kutoa dawa, na daftari la kutia alama, maana kila mmoja hudhani mwenzake ameshampa. Dozi ikisahaulika, msimpe mbili kwa pamoja. Akiumwa mgongo msimpe diklofenaki wala ibuprofeni bila kuuliza. Pamoja na aspirini anaweza kuvuja damu tumboni.

Binti wa Mzee
Asanteni mno. Nimesoma maboksi, kumbe moja la zamani nalo ni amlodipini! Nimelitenga. Na siku akisukuma mkono, hataki kabisa?

Nesi Mstaafu
Usimlazimishe. Mwoneshe kidonge, mwambie ni cha nini, muulize maswali ya ndiyo au hapana. Maneno yamepotea, lakini mengi anayaelewa. Akiendelea kukataa, au analia mara kwa mara, mwambie daktari. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, baada ya kiharusi huwapata wengi, na inatibika.