Mjadala: Mpiga ngoma kuumia mikono na mgongo ni kawaida ya kazi, au ni kufundishwa vibaya?

Mleta mada

Wadau, kijana wa kwaya au wa kikundi cha ngoma akilalamika kwamba vidole vinakufa ganzi au kiuno kinakaza, kiongozi humjibu neno moja: "Utazoea." Wengine husema asiye na sugu hajapiga ngoma. Mimi naona mtu asikabidhiwe fimbo kabla hajafundishwa kushika na kukaa, na kikundi kisichofanya hivyo kisiruhusiwe kufundisha watoto wa shule.

Sugu ni ngozi inajilinda, sina ugomvi nayo. Lakini ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, ile inayokuamsha usiku, aghalabu ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Huo hauzoeleki. Ukipuuzwa, mkono unaweza kupoteza nguvu hata ya kushika kikombe.

Tazameni wapiga drums makanisani. Fimbo imekabwa kwa ngumi, wakati ingetosha kuishika kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole vingine vikiisindikiza tu, ili ikigonga ngozi irudi yenyewe. Ukiikaba, mtikisiko wote unaishia kwenye kifundo na kiwiko. Kiti nacho ni cha plastiki, kifupi, magoti yamepanda juu ya nyonga, mgongo umepinda kama upinde, na ibada ni ya saa tatu. Nyonga zinatakiwa ziwe juu ya magoti kidogo, nyayo zote chini, mabega yamelegea. Kiti kirefu kidogo tu kingemwokoa huyo kijana.

Mpiga tumba, Tanga

Mkuu, wazee wetu walikesha na ngoma bila kupimwa magoti. Ukiweka sharti hilo unaua vikundi vya mtaani, maana si kila mtu atafika TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo. Halafu mshiko sahihi ni upi? Kuna ule wa mkono wa kushoto kugeuza kiganja juu. Ulitoka kwa wapiga ngoma wa jeshi, ambao ngoma iliwaning'inia ubavuni, imeinama. Leo ngoma iko kwenye stendi yake, imelala sawa, na bado kuna walimu wanaulazimisha. Kila ngoma ina mshiko wake.

Mpiga muheme, Dodoma

Kaka wa Tanga, wazee hawakupima magoti lakini walifundisha. Muheme kwetu Wagogo hupigwa na wanawake, ngoma tunaibana kwa mapaja. Ukikakamaa magoti, kiuno kinakulipisha usiku uleule. Mimi nilirekebishwa na mama zangu hadharani, mbele ya wageni: legeza magoti, shusha mabega. Hayo hayakutoka darasani.

Muuguzi

Niongeze jambo ambalo wapiga ngoma wa viganja hawaambiwi. Ukipiga kwa nguvu saa nyingi mfululizo kisha mkojo ukatoka mwekundu au wa kahawia, usinyamaze. Viganja vikigongwa mno, chembe nyekundu za damu hupasuka ndani ya mishipa, na rangi yake huonekana kwenye mkojo. Madaktari wa Marekani waliieleza hali hii kwa wapiga konga tangu miaka ya 1970. Kwa kawaida hupita ukipumzika, ila nenda ukapimwe, kwa sababu kichocho nacho huleta mkojo wa damu. Na pete ivuliwe kabla ya kupiga, inaumiza kidole na ngozi ya ngoma pia.

Mdau, Burundi

Je, sisi tunaoingia uwanjani na ngoma kichwani? Ni gogo zima lililochongwa, na UNESCO iliiandikisha sanaa hii mwaka 2014. Sitaki mtu aje kutuambia tuiteremshe. Ila nakubali mvulana aanze na ngoma ndogo mpaka shingo yake ikomae. Kumtwisha ya baba yake ili apendeze mbele ya watalii ni kumwonea.

Mleta mada

Kaka wa Tanga, sijadai vyeti. Dada wa Dodoma ameonyesha mwalimu anaweza kuwa mama yako. Na kwa mshiko wa jeshi uko sahihi: sababu yake imeondoka, asilazimishwe mtu.

Kuhusu kukesha, wazee walikesha kwa kupokezana. Mmoja akichoka, mwingine anaingia bila mdundo kukatika. Tena waliipasha ngoma moto kabla ya kuanza. Ngozi iliyolegea haitoi sauti, kwa hiyo mpigaji huongeza nguvu, na nguvu hiyo humrudia mwenyewe mikononi. Siku hizi mtoto mmoja anapiga ngoma iliyolegea kuanzia mazoezi mpaka mashindano kwa sababu yeye ndiye hodari. Anaadhibiwa kwa uhodari wake. Hapo sirudi nyuma: akisema ganzi, atoke kwenye ngoma siku hiyohiyo, hata kama kesho ni fainali.

Mpiga tumba, Tanga

Kupokezana na kupasha ngoma nakubali, na hilo la ganzi pia. Kufungia vikundi bado nakataa. Kikundi kikifungwa, watoto wataendelea kupiga ndoo na madebe nyumbani, bila mtu wa kuwaambia washushe mabega. Afisa utamaduni wa wilaya awatume wapigaji wakongwe wazungukie vikundi hivyo kwanza.