Acheni kuwafundisha watu kuhesabu siku kwa kujumlisha milisekunde 86,400,000

Wakuu, nimechoka, na nitasema bila kuficha. Kila ninapokabidhiwa mfumo ulioandikwa na wengine, uwe wa kuweka nafasi, wa kupanga zamu au wa ripoti za kila siku, nakuta ndani ya msimbo wake (maandishi ya programu) wa JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, kitanzi kilekile, yaani amri zinazojirudia: tarehe ya kuanzia inageuzwa kuwa namba, inajumlishwa milisekunde 86,400,000, yaani saa 24, na kazi hiyo inarudiwa mpaka tarehe ya mwisho ifikiwe. Aliyekiandika hakukibuni, alikinakili kutoka kwenye somo fulani la mtandaoni. Waandishi wa masomo hayo ndio ninaowalalamikia, kwa sababu wanaoanza huwaamini, na gharama ya kusafisha uchafu huo huangukia watu wengine kabisa.

Kosa lenyewe ni kudhani kwamba siku ya kalenda ina saa 24 daima. Katika nchi zinazosogeza saa kulingana na majira, kila mwaka kuna siku moja yenye saa 23 na nyingine yenye saa 25. Chukueni kitanzi kinachoanza saa sita kamili usiku kwa saa za eneo, kisha kikapita kwenye ile siku ya saa 25. Ukijumlisha saa 24 unabaki ndani ya siku ileile, saa tano usiku, kwa hiyo tarehe hiyo inaandikwa mara mbili. Kuanzia hapo kila hatua inatua saa tano usiku, na ikifika zamu ya tarehe ya mwisho, saa tano yake tayari imeupita mpaka uliowekwa saa sita ya kuamkia siku hiyo, hivyo kitanzi kinasimama bila kuiandika. Matokeo ni tarehe moja iliyorudiwa na ya mwisho iliyopotea, lakini jumla ya mistari inabaki sahihi! Mkaguzi anayehesabu mistari tu ataupitisha msimbo huo na kuusifu. Kwenye siku ya saa 23 hakuna kinachorudiwa, ila hatua zinazofuata zinaanguka saa saba usiku, na siku ya mwisho inapotea vilevile.

Najua atatokea mtu wa kusema kwamba watumiaji wake wanaishi mahali ambapo saa haisogezwi, kwa hiyo hayamhusu. Msimbo wa ukurasa wa wavuti hauendeshwi kwenye meza yake. Unaendeshwa ndani ya kivinjari cha mtumiaji, na kivinjari hufuata saa za eneo zilizowekwa kwenye kifaa cha mtumiaji huyo. Mwandishi wa programu hana mamlaka juu ya kifaa hicho, wala hana sababu ya kumlazimisha mtu aishi katika majira yanayomfaa yeye.

Wengine, waungwana kidogo, hufundisha kutumia setDate, amri ya JavaScript ya kubadili siku ya tarehe, na kuongeza moja kwenye namba ya siku. Ni afadhali, kwa kuwa sasa tunasogea kwa siku na si kwa milisekunde, lakini bado tunabeba saa ambayo hakuna aliyeiomba. Brazil ilikuwa ikisogeza saa zake mbele saa sita kamili usiku, na kwa sababu hiyo tarehe 4 Novemba 2018 haikuwa na saa sita ya usiku mjini São Paulo: siku ilianza saa saba. Kitanzi cha setDate kikifika hapo kinasukumwa hadi saa saba na kubaki huko kwa siku zote zinazofuata, na mwishoni, kwa sababu ileile niliyoeleza juu, siku ya mwisho inaachwa. Brazil iliacha utaratibu huo mwaka 2019, lakini ripoti zinazogusa miaka ya nyuma bado zipo.

Kisha mtu anachukua tarehe hizo na kuziandika kwa toISOString, amri ya kugeuza tarehe kuwa maandishi, ambayo huzipeleka kwanza kwenye UTC, saa za kimataifa zinazolingana na za Greenwich. Kwa yeyote aliye mashariki ya Greenwich, saa sita usiku ya leo bado ni jana kwa UTC, kwa hiyo orodha nzima inarudi nyuma siku moja. Aliye magharibi anapigwa kwa upande mwingine: akisoma maandishi "2024-03-01" bila saa, JavaScript huyachukulia kuwa ni UTC, na akiuliza ni siku gani kwa saa za kwake anajibiwa kuwa ni tarehe 29 Februari. Yaandike maandishi hayohayo yakiwa na saa lakini bila alama ya eneo, na yatachukuliwa kuwa saa za hapo mtumiaji alipo. Hii ni kanuni rasmi ya lugha yenyewe. Ni nani anayeieleza kwenye ukurasa wa kwanza wa somo lake?

Sitakaa sana kwenye wale wanaolinganisha tarehe mbili kwa alama ya kutolingana, kwa vile objekti mbili tofauti (vifurushi vya data ndani ya msimbo) hazilingani kamwe hata zikibeba tarehe moja, na kitanzi cha namna hiyo hakina mwisho. Wala wale wanaoingiza objekti ileile kwenye safu, yaani orodha ya msimbo, katika kila mzunguko, kisha wanashangaa orodha nzima ikionyesha tarehe moja.

Miezi ndiyo inayonikera zaidi. Anza tarehe 31 Januari 2025, ongeza mwezi mmoja kwa setMonth, na utafika tarehe 3 Machi, kwa kuwa 31 Februari haipo na siku zilizozidi zinamwagikia mwezi unaofuata. Februari imerukwa, na kitanzi kinaendelea na tarehe 3 Aprili, 3 Mei, hivyo hivyo hadi mwisho, bila onyo lolote. Mfumo wa kudai malipo ya kila mwezi ulioandikwa hivi unamruka mteja mwezi mzima, kisha unamdai siku ambayo hakukubaliana nayo. Dawa inajulikana: hesabu kila mwezi kutoka tarehe ya asili na ubane siku kwenye mwisho wa mwezi husika. Usiendelee kutoka pale hatua iliyotangulia ilipoishia, kwa maana 28 Februari ikiongezwa mwezi inakuwa 28 Machi, na ile 31 ya mkataba imeshasahauliwa.

Hasira yangu inaongezeka nikikumbuka kwamba haya yamejulikana kwa miaka mingi. JavaScript ilipoundwa mwaka 1995 ilichukua mfano wa tarehe kutoka Java, lugha nyingine ya programu, pamoja na ile tabia ya kuhesabu Januari kuwa sifuri. Java yenyewe ilitangaza sehemu kubwa ya mfano huo kuwa haifai kutumiwa tena mwaka 1997, kisha ikapata mfumo mpya wa tarehe na Java 8 mwaka 2014. Sisi wa wavuti tuliachwa na kilichotupwa.

Sasa kuna Temporal, sehemu mpya ya JavaScript ya kushughulikia tarehe na saa, ambayo ina aina ya tarehe tupu, PlainDate, isiyo na saa wala eneo, ambayo haibadiliki ukishaiunda, na ambayo Januari yake ni moja. Kivinjari cha Firefox kiliianza katika toleo la 139 mwaka 2025. Pale ambapo bado haijafika, unda tarehe kwa Date.UTC na usogee kwa setUTCDate, usome kwa getUTCDate na wenzake, kwa sababu katika hesabu za JavaScript siku ya UTC ina milisekunde 86,400,000 kamili, bila kupungua wala kuzidi. Hapo tu ndipo namba ile ina haki ya kuonekana.

Kwa hiyo nawataka wenye masomo hayo wayarekebishe au wayaondoe. Na wakuu mnaokagua msimbo wa wenzenu, mkiona namba hiyo ndani ya kitanzi cha tarehe za eneo, ukataeni, na mdai jaribio linalopita kwenye siku ya saa 23, siku ya saa 25, na tarehe 31 Januari.