Tusimamishe kupanda mikoko Hori ya Tudor?

Wadau wa Mombasa, nachokoza makusudi. Kila tarehe 26 Julai, Siku ya Mikoko Duniani, tunavaa fulana, tunashuka topeni, tunapanda miche, tunapiga picha. Mimi nasema Tudor, mkono huu wa bahari ulioingia nchi kavu, tusipande tena mpaka maji taka ya mji yazuiwe.

Shukeni Mikindani, kando ya hori hii, maji yakipwa. Mizizi ya mchu, aina ya mkoko, imechomoza juu ya tope kama penseli, maelfu kwa maelfu. Hiyo ndiyo pua yake, maana tope lile halina hewa. Sasa kila penseli imevaa kitu: gunia, nepi, soksi, kipande cha wavu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, lakini ya zamani bado imo topeni. Ukivuta mmoja unatoka na mwenzake. Mafuta ndiyo balaa kabisa, yanaziba vitundu vya kupumulia. Mnaokumbuka hori ya Makupa 1988, mafuta yalipomwagika, mnajua mikoko ilivyokauka imesimama.

Mtaniambia mikoko ya mdomoni mwa mfereji wa maji taka ndiyo iliyonawiri. Kweli, choo ni mbolea. Ila mti ukishibishwa hivyo unakimbilia majani na kusahau mizizi. Ukija ukame, chumvi ikapanda topeni, huo mnene ndio unaotangulia kufa.

Mwana wa Jomvu: Ndugu, adui wa Tudor ni shoka. Kuni, boriti, na wapika chang'aa wanaowasha moto humo humo mikokoni. Halafu mikoko ya hori ya Mwache je? Ile ilizikwa na tope la mvua za El Niño za 1997 na 1998, choo hakikuhusika. Ukingoja mji ujengewe mabomba ndipo upande, utangoja sana. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mama Kaa: Nyote wawili mmesema, mimi ndiye ninayeingia topeni. Kabla ya kupanda tunaokota taka asubuhi nzima. Maji makubwa ya bamvua yakija, zinarudi. Juzi nimebandua nepi kwenye mche niliouchomeka kwa mkono wangu. Chini yake majani mawili, ya njano. Hasira niliyopata, Mungu anajua. Lakini wale vijana huja kwa sababu ya kupanda. Ukiwaambia njooni mwokote nepi tu, nani atakuja?

Mwanzisha mada: Mama, hapo umenibana. Basi narekebisha: pandeni, lakini mbali na mifereji, na anayetoa fedha za miche atoe na za kusafisha mwaka mzima, si siku ya picha tu. Na wewe wa Jomvu, shoka silikatai. Ila aliyekata mti huacha tope ambalo mche mwingine unaweza kushika. Lililojaa mafuta na nepi utapanda nini?

Mwana wa Jomvu: Tope hilo hilo lina kaa wangapi siku hizi, Mama?

Mama Kaa: Wa kuhesabu.