Karipio ni adhabu au ni maneno tu?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Niliandika kwamba mwaka 1954 Seneti ya Marekani ilimpa karipio Seneta Joseph McCarthy, nikitafsiri neno la Kiingereza "censure", yaani lawama rasmi ya bunge kwa mtu. Ndugu mmoja akanisahihisha: sema "ilimlaani". Nimelala nalo, nimeamka nalo, bado sikubali.

Kulaani kuna laana ndani yake. Tunalaani mauaji, tunalaani shambulio, na yeyote anaweza kulaani, hata mpita njia. Karipio linataka mwenye mamlaka. Mtoto akimpandishia baba sauti tutasema kamvunjia heshima, hatusemi kamkaripia.

Nikiri kitu: azimio lile, lililopita kwa kura 67 dhidi ya 22, lilimalizikia kwenye neno la kulaani kweli. Ila Seneti yenyewe inalihesabu kati ya makaripio yake. Na McCarthy alibaki seneta hadi alipofariki mwaka 1957.

Utamu uko kwa Andrew Jackson, aliyekuwa Rais wa Marekani. Mwaka 1834 Seneti ilimkaripia, kura 26 kwa 20, katika ugomvi wa kuhamisha fedha za serikali kutoka Benki ya Marekani. Akawajibu kwa waraka mrefu kwamba Katiba haiwapi mamlaka hayo. Yaani, nyie si wazazi wangu. Mwaka 1837, wafuasi wake walipokuwa wengi, kitabu cha kumbukumbu kilifunguliwa, mistari myeusi ikachorwa kuzunguka maneno yale, na juu yake ikaandikwa kuwa yamefutwa kwa amri ya Seneti. Kama yalikuwa maneno matupu, jasho lote lile la nini?

Anayedhani karipio halina meno akumbuke Februari 2020, Kamati Kuu ya CCM ilipompa karipio Abdulrahman Kinana, Katibu Mkuu wa zamani. Lilikuja na miezi 18 ya kutogombea uongozi ndani ya chama. Hilo ni karipio la kwenye kanuni, tofauti kabisa na la Seneti, ambalo halimnyang'anyi mtu chochote.

Kwa hiyo neno moja linabeba mizigo miwili. Kwa seneta aliyehukumiwa na wenzake, mimi nabaki na "karipio". Kwa rais, ambaye Seneti si bosi wake, nimekwama: "kukemea" ni jepesi mno, na "kura ya kutokuwa na imani" ni kitu kingine, hiyo inaangusha serikali. Mnaotafsiri habari kila siku, nyie mnaandikaje?