Mrejesho: saa za kazi za mwanangu wa miaka 15 hapa Texas

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza kama ni halali mwanangu wa miaka 15 kubaki kazini mgahawani hadi saa 3 usiku siku za shule, huku akitumia mashine ya umeme ya kukatia nyama.

Nilifuata ushauri wa kumwandikia meneja kwanza. Alijibu kwamba sheria ya Texas inaruhusu umri huo kufanya kazi saa 8 kwa siku, na ni kweli. Ila, kama mlivyonieleza, sheria ya jimbo na ya shirikisho zinapotofautiana hufuatwa ile inayomlinda kijana zaidi. Ya shirikisho inataka kazi isizidi saa 3 kwa siku ya shule na saa 18 kwa wiki ya shule, na ikome saa 1 jioni, isipokuwa kuanzia Juni 1 hadi Sikukuu ya Wafanyakazi ya Septemba, ambapo mwisho ni saa 3 usiku. Mashine ile imekatazwa kwa yeyote aliye chini ya miaka 18, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Ratiba imerekebishwa na mashine haigusi tena. Malipo ya baadhi ya saa za nyuma, hata hivyo, bado hayajatolewa, hivyo nimepeleka malalamiko kwa Idara ya Kazi ya Marekani, kitengo cha mishahara na saa za kazi. Jina la mlalamikaji hufanywa siri, na mwajiri haruhusiwi kumwadhibu.