Kundi la Ukoo: Mifupa ya Woffinden

Mpwa (Jinja): Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi. Nimekuwa nikisoma habari za Tai Woffinden, Mwingereza aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki ziitwazo spidwei mwaka 2013, 2015 na 2018, na ambaye mwezi Machi 2025 alianguka vibaya mno mjini Krosno, Poland. Mbona mtu mmoja avunjike mara nyingi namna hii? Ni mkosi au ni uzembe?

Shangazi (Bombo): Marahaba mwanangu. Kwa jinsi nilivyoona wodini, anayerudi kwetu kila msimu amejitakia.

Mjomba (Katwe): Marahaba. Dada, usimhukumu kabla hujaijua pikipiki yenyewe. Injini yake ni ya ujazo wa cc 500, inatumia methanoli badala ya petroli, ina gia moja na haina breki hata moja, wala hilo si ubahili, kwa kuwa wanne wanapokimbia wamebanana, atakayefunga breki mbele atagongwa na wa nyuma papo hapo. Kona huingiwa kwa kulitelezesha gurudumu la nyuma, mguu wa kushoto ukiburuza kiatu cha chuma chini, na mkononi imefungwa kamba inayozima injini dereva akirushwa. Aliyeibuni kamba hiyo alijua kwamba watu wataanguka tu.

Mpwa: Lakini mwaka 2013 alivunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, katikati ya msimu, akaendelea kukimbia na akachukua ubingwa.

Shangazi: Hapo ndipo ninapokasirika! Bamba la chuma analowekewa aliyevunjika hushikilia mfupa, haliuharakishi kuunga. Ni nani aliyemruhusu?

Mjomba: Njaa, dada. Kila mbio ni mizunguko minne: wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho hapati kitu. Katika ligi za Poland na Uingereza dereva hulipwa kwa pointi, na katika fedha hizo hununua injini na kuwalipa mafundi wake. Ni sawa na kijana wa boda aliyechukua pikipiki kwa mkopo: hata mguu ukiwa kwenye plasta, mwenye chombo anataka hesabu yake ya wiki.

Mpwa: Naye Darcy Ward wa Australia, bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2009 na 2010, aliumia uti wa mgongo mjini Zielona Góra mwezi Agosti 2015 akiwa na miaka 23, akapooza.

Shangazi: Maskini, miaka 23! Basi neno uzembe naliondoa. Hata hivyo, hapo uwanjani hakuna daktari wa kusema hapana?

Mjomba: Yupo, tena ana mamlaka ya kumzuia aliyeumia asirudi mbioni siku hiyo. Shida ni wiki zinazofuata, kwa sababu dereva mwenyewe ndiye anayemsihi daktari amwandikie kwamba amepona, ilhali bado hawezi hata kuvaa shati bila kusaidiwa.

Shangazi: Wiki hizo ndizo ninazozisema mimi. Klabu zingewalipa japo nusu ya pointi zao wakiwa kitandani, ungeona mitulinga inavyoungana bila haraka.