Mjadala: Muziki unaojitunga kwenye kompyuta, una nafasi kwenye jukwaa la ngoma Bagamoyo?

MTOA MADA: Wadau wa Bagamoyo, salaam. Wapo wanaosema muziki unaotungwa na kompyuta usipande jukwaa moja na ngoma, kwa kuwa hakuna aliyeupiga. Mimi napinga.

Chukua Pure Data, programu ya bure aliyoianzisha Miller Puckette miaka ya 1990, baada ya kutengeneza programu ya muziki ya Max pale IRCAM, taasisi ya utafiti wa muziki jijini Paris. Huandiki maandishi ya kuiamuru kompyuta, unapanga visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa nyaya. Kisanduku "metro 250" kinatoa pigo kila milisekunde 250. "random 4" kinachagua namba kati ya 0 na 3. Jumlisha 6, zidisha kwa 60, unapata 360, 420, 480 au 540. Hizo ni hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, za sauti nne, na sikuziokota tu. Muziki wa Wagogo, ambao marehemu Hukwe Zawose aliupiga hapahapa Bagamoyo mpaka dunia ikamjua, umejengwa kwa sauti za asili zinazopanda juu ya msingi mmoja, kama hizi zinavyopanda juu ya 60. Ile hatua ya kutoka 360 kwenda 420 huipati kwenye piano. Programu nyingi za studio zinakurudisha kwenye zile sauti 12 za kinanda. Hapa namba unaipanga wewe. Aliyeipanga ndiye mtunzi, hata kama hajui sauti ipi itafuata.

MPIGA NGOMA: Mwanangu, hesabu zako sina ugomvi nazo. Lakini ngoma ni kuitikiana. Mchezaji akipandisha mori namkolezea, akichoka namshusha taratibu. Hicho kisanduku kitapiga vilevile hata uwanja ukiwa mtupu. Halafu hizo sauti ulifundishwa na nani? Mbona simwoni?

MTOA MADA: Shikamoo mzee wangu. La kwanza lina dawa. Kuna kisanduku kinaitwa "bonk~", kinasikiliza kupitia maikrofoni na kutambua kila pigo la ngoma. Ondoa "metro", weka hicho, mashine itanyamaza mpaka wewe upige. La pili umenishika, na nasema wazi: anayepanga visanduku kwa mafunzo ya mzee fulani amtaje kama mtunzi mwenza, na malipo wagawane.

MWANAFUNZI WA MUZIKI: Kaka, naipenda hoja yako, na uzuri programu yenyewe inakubali hata kwenye laptop ya zamani. Hofu yangu ni waandaaji. Mtu akiona laptop moja inajaza nusu saa, wapiga ngoma sita atawaita wa nini? Sisi tunaotoka chuoni tutakula wapi?

MTOA MADA: Dada, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote humu, nami sitaipunguza. Kwa hiyo msimamo wangu nauwekea sharti: kazi ya namna hii ikipanda jukwaani Bagamoyo, iwe na wapiga ngoma hai mbele yake, na hakuna atakayeondolewa kwenye orodha ya malipo kwa sababu ya kompyuta. Mwandaaji asiyekubali hilo, mimi mwenyewe sitampa kazi yangu. Mzee, kwa sharti hilo, utakubali tuweke maikrofoni kwenye ngoma yako?

MPIGA NGOMA: Njoo nayo jioni. Lakini jina la mwalimu wangu liandikwe kwanza, langu lifuate.